Tundu la Kiasi cha Ngumi

Katika ukoo wetu, ukiuliza ni nani aliyemharibu dada yangu, utaonyeshwa mimi. Hata watoto waliozaliwa hapa London, wale unaowasemesha Kiswahili wakakujibu kwa Kiingereza, hilo wanalijua: mjomba alivunja dirisha, upepo ukampiga mwenye uzazi, ndiyo akawa vile. Neno hilo nimelibeba tangu nina miaka ishirini na mbili mpaka sasa nywele zinanitoka. Nimechoka nalo, basi naliandika. Shule niliishia darasa la tano, mtanivumilia. Majina sitataja, maana sisi sote twajuana na twakutana misibani. Lakini makosa nitayataja, na kila mtu atalitambua lake. Langu nalo limo.

Sisi ni Wahindi wa Unguja. Baba alikuwa na duka la vitambaa, na kazi yangu ilikuwa kukunjua majora na kuyakunja tena. Mambo yalipogeuka kule, wenye paspoti za Kiingereza tukaondoka. Tulikuja watu wanne: mimi, dada yangu aliyenizidi miaka mitatu, mume wake, na shangazi, dada yake baba, aliyetulea baada ya wazee wetu kufariki. Tukapanga Kilburn, katika nyumba nyembamba ya matofali iliyobanana na nyingine huku na huku. Chini kulikuwa na jiko na kijichumba changu. Juu, upande wa nyuma, chumba cha dada na mumewe, na kando yake cha shangazi. Na chini kabisa, nusu ndani ya ardhi, alikaa mzee mmoja wa Kiskoti, peke yake.

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kwetu aliyetutangulia kuja. Wa kwanza ninayemtaja ni huyo. Dirisha la chumba cha dada alilipaka rangi likiwa limefungwa, tabaka juu ya tabaka, mpaka likagandana na fremu. Meko ya zamani ya ukutani, yenye dohani ya kutolea moshi, aliiziba kwa ubao na misumari. Tulipomwambia dirisha halifunguki, alicheka.

"Mmetoka Unguja mnataka kufungua dirisha London? Mumfungulie nani, wanangu?"

Tukacheka naye. Yalionekana ni maneno ya akili.

Majira ya baridi ya pili dada akajifungua mtoto wa kike. Alizalia hospitali, akarudi siku ya tatu, na shangazi akampokea mlangoni na chetezo cha ubani. Kwa wasiojua, kwetu mwenye uzazi hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na chini ya kitanda chake huwekwa jiko la makaa ajifukize, mwili ukaze, baridi isimwingie. Upepo ndio adui mkubwa. Mwenye uzazi akipigwa na upepo, wazee walituambia, huweza kupotewa na akili.

Kule Unguja mambo haya yalikwenda vizuri miaka yote, na leo najua kwa nini. Nyumba zetu zilikuwa zinapumua. Dari liko juu huko, madirisha ya vibao vya kupitisha hewa, chini ya mlango panya anapita bila kuinama. Ulikuwa unauziba upepo na upepo unaingia vilevile, na wewe unajiona umeuziba.

Na shangazi kule hakuwa mkali. Nakumbuka binamu zetu walipozaa, siku ya ishirini walikuwa ukumbini wanamung'unya ubuyu na yeye anacheka nao. Lakini hapa hakuwa na soko analolijua, hakuwa na jirani, hakuwa na lugha. Alichobakiwa nacho ni arobaini, akaishika kwa mikono miwili. Mwanamume asikanyage mle, hata ndugu wa tumbo moja. Mume akalale chini, kwangu. Mtoto alale chumbani kwa shangazi, aletwe kunyonya tu. Mlango wenyewe ulikuwa haushiki mpaka uufunge kwa ufunguo, basi akitoka anafunga, akiingia anafunga, na ufunguo ameufundika kwenye pindo la kanga yake.

Sasa langu. Siku moja kabla dada hajarudi, shangazi aliniita nizibe chumba. Nilipika gundi ya unga wa ngano, nikakata magazeti vipande virefu, nikabandika kila ufa wa dirisha lile. Ukutani karibu na dari palikuwa na kitundu cha hewa chenye wavu wa chuma. Nikakijaza sufi niliyoitoa kwenye mto, nikabandika gazeti juu yake. Nilifanya kazi safi. Mimi mtu wa vitambaa, mikono yangu inajua kunyoosha. Shangazi alipitisha kiganja kwenye fremu yote akiutafuta upepo, hakuupata.

"Mikono yako ina baraka," akaniambia. Nilifurahi siku nzima.

Makaa aliyaleta shemeji, mume wa dada. Alifanya kazi katika mkahawa wa mishikaki, na ndiye pekee kati yetu aliyejua Kiingereza cha kujibizana na watu. Kila jioni alirudi na mfuko. Makaa mazuri, magumu, yasiyotoa moshi. Tulimsifu.

Siku ya kumi alikuja nesi wa kaunsili, serikali ya mtaa, kumpima mtoto. Alipomaliza akasimama juu ya ngazi na shemeji, mimi niko chini yao nawatazama. Alionyesha chumba kwa kidole, akaonyesha ukutani kule juu, akajipepea usoni, akasema kwa muda mrefu na uso umekunjamana. Shemeji akaitikia, ndiyo, ndiyo, ahsante sana. Nesi akaandika kwenye karatasi yake, akashuka, akaenda zake.

"Kasemaje?" shangazi akauliza.

"Anasema mtoto mzima, mashallah. Ila harufu ya ubani haipendi."

"Pua za Kizungu hizo!" shangazi akasema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi. Nesi namtaja kwa sababu aliuambia mdomo mmoja tu akaridhika. Shemeji namtaja kwa sababu mdomo ulikuwa wake. Lakini siku ile sikujua lolote.

Siku ya kumi na tatu theluji ilianza, na siku ya pili yake ilikuwa imefika magotini. Mabasi yakasimama. Kiwanda cha masanduku nilikofanya kazi kikafungwa, mabomba yalikuwa yameganda. Nikawa mtu wa kukaa ngazini, mgongo kwenye mlango wa dada, tunazungumza kupitia tundu la ufunguo shangazi akiwa jikoni.

"Nje kukoje?" aliniuliza.

"Kweupe. Kama mtu kapasua magunia yote ya chumvi."

"Kichwa kinaniuma. Tangu jana. Kama nimevikwa kofia ya mtoto."

"Umemwambia shangazi?"

"Nimemwambia. Kaongeza makaa."

Akacheka, na mimi nikacheka. Ndivyo tulivyokuwa sisi wawili, tangu utoto, kila kitu kicheko.

Siku ya kumi na tano asubuhi mzee wa chini alinikuta nyuma ya nyumba nafukua njia ya kwenda chooni. Alikuwa na ndevu zilizogeuka manjano kwa tumbaku na koti lisilofungika. Alinitazama nilivyoshika beleshi na ninavyotetemeka, akatikisa kichwa, akaninyang'anya. Kiingereza changu kilikuwa cha kiwandani: leta, peleka, simama, chai. Chake kilikuwa cha kukoroma. Lakini mikono yake ilisema vizuri. Kidogo kidogo nikaelewa kwamba zamani, akiwa kijana kama mimi, aliajiriwa kwenda kukaa dukani kaskazini kabisa ya Kanada, kule ambako baridi ikishika jua halichomozi. Alinunua ngozi za mbweha kwa wenyeji, akawauzia unga, chai na vitambaa.

Nikamwuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Vitambaa? Vitambaa. Nilicheka mpaka nikaketi kwenye theluji. Mzungu muuza duka ugenini, kama babu yangu! Nikamwonyesha nilivyokuwa nikipima jora, kutoka ncha ya pua mpaka ncha ya kidole, mkono umenyooka. Naye akanyoosha mkono wake, akapima hewani vilevile, kutoka puani mpaka kidoleni.

Tangu tufike hapa, Mzungu aliyenifanya nijione mtu alikuwa huyo peke yake. Basi aliposema atanifundisha kujenga nyumba ya theluji, kama wenyeji wa kule walivyomfundisha yeye, nilikubali. Angesema anifundishe kufuma soksi ningekubali pia.

"Theluji si adui," alisema. "Ni blanketi."

Kule, alinieleza, theluji hupigwa na upepo mpaka ikawa ngumu kama mkate wa juzi, unaikata mapande kwa kisu na kuyapanga kwa kuzunguka. Ya London ni uji. Ya namna hii unaikusanya lundo, unaipigapiga kwa beleshi, unaiacha usiku ishikane, halafu unachimba ndani. Tulifanya kazi mpaka mchana. Tulichota theluji ya ua wetu na ya nyuma ya majirani, wao wakituchungulia nyuma ya mapazia. Lundo likanipita kimo. Kisha akavunja vijiti vingi vya urefu wa shubiri moja, akavichomeka kila upande, kama karafuu kwenye chungwa. Sikuelewa vya nini. Akaniambia kesho.

Jioni nikamsimulia dada.

"Nyumba ya theluji?" Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa. "Mwehu wewe. Baridi ipo nje, wewe unaijengea mlango."

"Mzee anasema ndani yake mna joto."

"Na shangazi anasema humu mna joto. Mimi natapika."

"Umetapika?"

"Mara mbili. Usimwambie, ataniongezea uji wa pilipili." Akanyamaza, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Arobaini ikiisha utanipeleka nikaione."

"Itakuwa imeyeyuka."

"Basi izuie. Si ndiye wewe mwenye mikono ya baraka?"

Sikumwambia shangazi. Andikeni na hilo.

Siku ya pili nilichimba. Nililala kifudifudi na kuingia kama panya buku, yeye nyuma yangu akivuta theluji niliyoitoa. Hapo nikajua kazi ya vijiti: ukiwa ndani ukaona ncha ya kijiti, unaacha, unageukia kwingine, na kuta zote zinatoka unene mmoja. Mlango tuliuweka chini kabisa, kuingia ni kutambaa. Ndani aliniambia niache jukwaa la kulalia lililo juu kuliko mlango, kwa sababu, alionyesha kwa kiganja, hewa ya moto hupanda na ya baridi humwagika chini kama maji. Tukaketi juu ya gunia, magoti yamegusana, na wallahi palikuwa na joto. Mwanga ulipita ukutani kwa rangi ya ile bluu ya kufulia nguo. Kwa mara ya kwanza London meno yangu yalitulia.

Nilipanda ngazi mbio kwenda kumwambia dada. Shangazi alinizuia katikati.

"Mwache alale. Siku hizi analala vizuri, tangu asubuhi amelala. Wewe kazi yako kelele."

Nikashuka.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, siku ya kumi na saba ya uzazi. Shemeji alikwenda mkahawani kwa miguu. Mimi nilikuwa jikoni nakunywa chai shangazi aliposhuka na mtoto, amemzungushia blanketi, anakuja kumwosha na kumpaka mafuta karibu na jiko la gesi. Uso wake ulinawiri.

"Dada yako leo amependeza!" akasema. "Mashavu mekundu, kama bi harusi. Damu imemrudia. Nyie vijana mnayacheka mambo ya wazee."

"Alhamdulillahi," nikasema. Nikamaliza chai yangu, nikaenda kwenye theluji.

Mzee alikuwa amekuja na mshumaa. Tuliingia wote wawili, akauwasha, akauziba mlango kwa gunia lililojaa theluji. Tukakaa. Nilitaka kuzungumza, akaweka kidole mdomoni. Tulikaa muda mrefu. Moto wa mshumaa ukaanza kunywea, ukalala upande, na kifua changu kikawa kizito kama nimepanda kilima. Alinitazama kama mwalimu anayemsubiri mtoto mzito. Halafu akachukua mpini wa ufagio, akatoboa paa, akauzungusha mpaka tundu likatosha kupita ngumi yake. Akaipitisha ngumi, akaitoa. Mshumaa ukasimama.

Akanieleza kwa nini. Alikuwa na mwenzake, karani wa duka lilelile. Walikuwa safarini, dhoruba ikawakuta, kila mmoja akajijengea pake. Mwenzake aliwasha jiko dogo apate chai. Theluji ikawa inamdondokea kupitia tundu la paa, akalichukia, akaliziba kwa glavu yake. Mzee alilaza shavu kwenye kiganja: akalala. Hakuna moshi, alisema, akatikisa kidole. Hakuna harufu. Mwanzo kichwa, akashika kichwa. Halafu tumbo, akafanya kama mtu anayetapika. Halafu usingizi, mtamu, mtamu sana. Mwisho akajipigapiga mashavu yake ya kizee mpaka yakawa mekundu.

"Asubuhi nilimkuta hivi," alisema. "Mashavu kama ya mtoto mwenye afya."

Nilikuwa nimeinua macho kwenye lile tundu. Lilielekea nyumba yetu. Kupitia humo niliona dirisha la dada na magazeti yangu, yamenyooka, hakuna hata mkunjo.

Sikumbuki nilivyotoka. Nafikiri nilipita ukutani.

"Shangazi, nipe ufunguo."

"Viatu! Tazama sakafu yangu!"

"Ufunguo, shangazi. Yale makaa yanaua."

"Punguza sauti, utamshtua mtoto. Nani kakwambia?"

"Mzee wa chini."

"Yule mlevi? Yeye kazaa mara ngapi?"

"Basi nenda wewe. Kamtazame tu. Mwamshe."

"Nimetoka huko sasa hivi. Mwenye uzazi akilala haamshwi. Na wewe umetoka kwenye barafu, hiyo baridi uliyonayo mwilini unataka kumpelekea nani?"

Ufunguo ulikuwa pale kiunoni mwake, kwenye pindo la kanga, hatua mbili kutoka mkono wangu. Nilikuwa kijana, nilibeba masanduku kutwa, ningeuchukua kwa mkono mmoja. Sikuuchukua. Huyu ndiye aliyenilisha kwa vidole vyake nilipofiwa na mama. Mkono wangu haukukubali kumshika kiunoni, na mtoto yuko mapajani pake anateleza mafuta. Nilipanda, nikagonga, nikaita. Kimya. Nikaupiga mlango bega, ule mlango wa zamani, mzito, haukutikisika. Nikashuka tena, nikampigia magoti, nikalia kama mtoto. Naye akaendelea kumkanda mtoto miguu, akininong'onea dua ya kumtoa shetani. Muda gani ulipita sijui. Muda huo nao ni wangu.

Mzee ndiye aliyenitoa. Alisimama mlangoni, theluji kwenye ndevu. Alinitia beleshi mkononi, akanisukuma uani, akainama chini ya paa la jiko, nikakanyaga mgongo wake nikapanda juu ya paa, nikafika kwenye dirisha la dada. Nikapiga kioo.

Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya moto, yenye ubani na uwatu. Moshi haukuwamo hata kidogo. Chini ya kitanda makaa yalikuwa mekundu, mazuri. Na dada juu yake amegeukia ukuta, shavu kama tufaha. Alikuwa mzuri. Nasema kweli, sikupata kumwona mzuri hivyo hata siku ya harusi yake. Nilimwita jina letu la utotoni, nikamburuta mpaka dirishani, nikamtoa kichwa nje kwenye ule upepo tuliokuwa tunauogopa wote. Theluji ikamwangukia kwenye kope, hakupepesa. Kisha akakoroma, na nikajua yu hai.

Shangazi alipofungua mlango ndivyo alivyotukuta. Kioo sakafuni, na mwenye uzazi wa siku kumi na saba, kichwa wazi, kwenye theluji. Hakupiga kelele.

"Umemwua," alisema. "Umempiga upepo."

Mzee alikuwa amekwenda kupiga simu. Gari la wagonjwa lilichukua muda mrefu, barabara zimeziba.

Hospitali, daktari alizungumza na shemeji kwenye ujia. Sisi tulisimama kando, shangazi na mtoto, mimi na viatu vinavyotoa maji. Daktari alisema polepole, kwa ukali, na mara mbili alinionyesha mimi. Nilidhani ananilaumu, nikainamisha kichwa. Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Daktari akaondoka.

"Kasemaje?" shangazi akauliza.

Shemeji alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. "Anasema baridi imemwingia kichwani," akajibu. "Ni lile dirisha."

Sikuwa na Kiingereza cha kumkanusha. Nilisema makaa, makaa, mzee kanieleza. Shangazi alinipa mgongo.

Ile nyumba ya theluji ilikaa siku tisa. Nilikuwa naingia humo nikitoka hospitali, nakaa peke yangu kwenye jukwaa. Tundu likijaa theluji nalizibua kwa mpini wa ufagio. Sijui nilikuwa namzibulia nani. Siku ya kumi nilikuta paa limetumbukia ndani, na mzee naye hayupo. Mwenye nyumba alikuwa amemtoa kwa sababu ya kioo, akasema mlevi ndiye aliyenichochea. Sikuagana naye. Jina lake nililijua la kwanza tu.

Dada alirudi baada ya majuma kadhaa. Alitembea, alikula, alitabasamu. Kicheko kilikuwepo. Lakini akili yake ilisimama mahali pale na haikuondoka tena. Ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri halipo. Mtoto alikua mbele yake, akatambaa, akaenda shule, na kila siku dada alimwuliza yule msichana kwa adabu, wewe ni mtoto wa nani? Baada ya miaka miwili shemeji akaona hawezi. Akaoa kwingine, akahamia mji mwingine. Dada na mtoto wakabaki na shangazi na mimi, na baadaye na mimi peke yangu. Mwanamke wa kuja kukaa katika nyumba ya namna hiyo sikumpata, na sikumtafuta sana.

Shemeji aliacha sanduku la karatasi zake. Mpwa wangu alipofika miaka kumi na sita alilifungua akitafuta cheti chake cha kuzaliwa, akakuta nakala ya barua ya hospitali kwa daktari wetu wa mtaa. Aliisoma kimya, kisha akanisomea, akichanganya Kiingereza chake na Kiswahili kile cha kuokoteza. Ilisema ni sumu ya makaa katika chumba kilichozibwa. Ilisema mume alikuwa ameshaonywa na nesi kuhusu makaa na kitundu cha ukutani. Ilisema mgonjwa angekufa kama ndugu yake asingevunja dirisha.

"Mjomba," alisema, "ulijua?"

Nikamwambia nilijua. "Kwa nini hukusema?" akauliza, kwa Kiingereza. Nikamwambia nilisema.

Alimpelekea shangazi ile barua, akamweleza mstari kwa mstari. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akampapasa kichwa. "Karatasi za Wazungu, mwanangu," akamjibu. "Mimi nilikuwepo." Na alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho aliniita, akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyobaki mifupa. "Nimekusamehe," aliniambia. "Lile la dirisha. Nimekusamehe duniani na akhera." Nyumba imejaa jamaa, wote wanalia, wote wanasikia. Nilisema, ahsante shangazi.

Sasa tunakaa Walthamstow, dada na mimi, katika fleti ya kaunsili. Juu ya dari mpwa wangu ametubandikia kile kidude cheupe kinacholia hewa ikiharibika. Hakijapata kulia. Theluji huanguka mara chache siku hizi, lakini majira ya baridi yaliyopita ilianguka asubuhi moja, na dada alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kanga begani, mikono imekaa kama imembeba mtu.

"Funga dirisha," akaniambia. "Mtoto anapata baridi."

Mtoto ana miaka thelathini na kitu, anafanya kazi benki, ana watoto wake.

"Nafunga, dada."

"Shangazi ataniongezea makaa. Kichwa kinaniuma tayari."

"Nafunga."

Nilisimama, nikalivuta dirisha mpaka lisikike, kisha nikalirudisha taratibu kwa upande wa pazia asikokuona. Nilipima kwa ngumi, kama ninavyopima kila siku. Ngumi ikapita.

"Umefunga?"

"Nimefunga, dada."

"Mikono yako ina baraka," akasema, akacheka.